Jibu la Makosa Ndilo Ninalolisoma Kwanza

Ninafundisha fizikia ya mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Kisumu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mwanafunzi anayekokotoa kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) kutokana na tungamo (kiasi cha maada kilichomo katika kitu) na mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika) ameielewa sheria ya Newton. Imani hiyo ilivunjika nilipoweka kwenye Moodle, jukwaa la masomo la mtandaoni, swali lisilo na hesabu yoyote: lori lililojaa miwa linagongana na tuktuk, ni lipi linalolisukuma jingine kwa kani kubwa zaidi? Wengi walichagua lori, wakiwemo waliokuwa wamefanya vizuri mno katika jaribio la hesabu.

Kani hizo mbili ni sawa. Kinachotofautiana ni mchapuko, na tuktuk hurushwa mbali kwa kuwa tungamo lake ni dogo. Wanafunzi wangu wameziona ajali za barabarani, wakayachukua madhara kuwa ndiyo kani, na kosa la namna hiyo halifutwi kwa kuandika fomula upya ubaoni.

Siku hizi maswali mawili au matatu hufunguliwa jioni kabla ya kipindi na kufungwa saa nne usiku, bila picha nzito za kumaliza bando. Alama hutolewa kwa kushiriki tu, pamoja na sentensi mbili za kueleza sababu, kwa maana usahihi ukipewa alama, jibu moja huzunguka kwenye kundi la WhatsApp na mwalimu hubaki akisoma mawazo ya mtu mmoja.

Mwanafizikia wa Marekani David Hestenes na wenzake walichapisha mwaka 1992 jaribio la dhana za kani ambalo majibu yake ya makosa yametokana na fikra halisi za wanafunzi. Mwaka 1998 mwanafizikia mwingine wa huko, Richard Hake, akitumia matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 katika majaribio ya aina hiyo, alipima kila darasa limepata sehemu gani ya kile ambacho lilikuwa halijakijua: darasa likipanda kutoka asilimia 30 hadi 51, limepata 21 kati ya 70, yaani 0.3. Mihadhara ya kawaida ilipata wastani wa 0.23, na madarasa ya majadiliano 0.48. Mimi nilikuwa mtu wa mihadhara, na takwimu hizo ziliniuma.

Swali linalonishughulisha sasa ni la jiwe lililorushwa juu. Kila muhula wapo wanaosema kwamba pale kileleni mchapuko ni sifuri, ilhali ni ule ule wa mita 9.8 kwa sekunde mraba kuelekea chini. Nimeacha kuwasahihisha papo hapo. Ninawauliza ni nini, basi, kitakacholifanya jiwe hilo lianze kushuka.