Finishing ya ndani: fundi yupi aanze?

Nyumba ikishaezekwa kila mtu anataka aone rangi tu, na hapo ndo mafundi wanaanza kupishana mlangoni, wa tailizi kashafika, wa umeme hajamaliza, wa rangi anapiga simu kila asubuhi aje lini. Mi huwa naangalia vitu viwili: kazi ipi itafukiwa na nyingine, na ipi ina vumbi na maji. Hizo zitangulie.

Kwa hiyo fremu za mbao, paipu za umeme na mabomba vyote vinaingia kabla ya plasta. Hapa usikubali kuharakishwa kabisa. Mwambie fundi bomba ajaze maji kwa presha na yakae humo hata siku nzima wakati ukuta bado uko wazi, alafu mpite chumba kwa chumba mkipapasa kila kiungo kwa kidole, maana kiungo kinachotoa jasho kidogo tu leo ndo kitakuletea doa la unyevu baadae, na utakitafuta kwa kuvunja tailizi. Piga na picha kila ukuta, shikilia futi pembeni ya paipu ionekane iko umbali gani toka kwenye kona, siku ya kutundika kabati utajua drili isiguse wapi.

Plasta inamwagiwa maji kama wiki hivi, kisha unaiacha. Kukauka kwa macho sio kukauka, ipe kama wiki nne ndo uongelee rangi, vinginevyo inavimba malengelenge na kubanduka. Katikati hapo siling inafungwa (waya za taa ziwe zishapita juu), inafuata skimu (ule upakaji mwembamba wa kulainisha ukuta) na msasa, na vumbi la msasa sio la kitoto.

Sasa ubishi wenyewe, tailizi au rangi? Mi nasema rangi ya kwanza ipigwe, tailizi zilazwe, koti ya mwisho ndo ifunge kazi. Fundi tailizi atachafua ukuta tu hata awe msafi vipi, grinda yake haichagui, na tone la rangi likidondoka kwenye sakafu tupu hakuna kesi. Bafuni kabla ya tailizi paka dawa ya kuzuia maji, na kabla hata ya hiyo dawa mwaga ndoo ya maji uone kama yanakimbilia kwenye tundu au yanatuama kwenye kona, ni rahisi kurekebisha simenti kuliko tailizi.

Milango baada ya tailizi, sababu sakafu inapanda sentimita moja hadi mbili na mlango uliopimwa mapema utagoma kufunguka. Mwisho kabisa ni makabati, sinki, choo, taa na swichi. Swichi hasa, fundi rangi atakwambia zifungwe tu ye atazifunika na selotepu. Hazifuniki.