Godoro juu ya mawe meusi

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hakuna pa kuficha godoro lililolowa. Viwanja vyetu vingi vimezungushiwa ukuta wa mawe ya volkano, meusi na yenye makali, na jua likitoka kila mtu huanika juu yake alicho nacho: shuka, mihogo, nguo za shule. Godoro likionekana pale asubuhi, mtaa mzima unajua kwamba ndani ya nyumba ile kuna kikojozi. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 2021 godoro hilo lilikuwa letu, na aliyeitwa kikojozi ni kifungua mimba wangu, mvulana wa miaka minane. Leo amekua, na ameniruhusu niandike habari hii mradi nisitaje jina lake.

Alikuwa ameacha kukojoa kitandani tangu akiwa na miaka mitatu. Ndiyo sababu hali iliporudi sikuona ugonjwa wala huzuni. Niliona ukaidi.

Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu, ulilipuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei. Anga lilikuwa jekundu juu ya mji wote na watu walitoka na chochote walichoweza kubeba. Sisi tulifuata umati kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, mtoto mdogo mgongoni, mkoba wa vyeti mkononi, yeye ameshika kitenge changu. Kesho yake tulirudi, kwa kuwa moto ulikuwa umesimama kabla ya kuingia katikati ya mji. Lakini ardhi haikutulia. Ilitikisika mchana na usiku, kuta zikapasuka, na alfajiri ya tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Tukaenda kwa miguu hadi Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, tukalala kwenye sakafu ya darasa pamoja na familia nyingine nyingi. Usiku wa kwanza akajikojolea. Nikasema ni baridi.

Tuliporudi nyumbani mwezi wa Juni ikawa kila usiku.

Nataka niseme wazi nilichofanya, maana najua wako akina mama wanaofanya hivyo leo. Nilimchapa. Nilimnyima maji tangu saa tisa alasiri, kwa ushauri wa mama yangu mzazi, aliyenikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Nilianika godoro mbele kabisa, upande wa barabara, nikitumaini aibu itamfundisha. Watoto wa jirani wakatunga wimbo. Akaacha kucheza nje, na alipoalikwa kulala kwa binamu zake akasema tumbo linamuuma.

Hasira yangu nyingine ilikuwa ya maji. Mji uko kando ya Ziwa Kivu, lakini mtaani kwetu bomba hukauka wiki nzima na bidoni ya lita 20 inanunuliwa. Kufua shuka kila siku ni bidoni nzima. Nilikuwa nampiga mtoto kwa ajili ya bidoni, na sikulijua hilo mpaka baadaye sana.

Usiku mmoja wa Agosti niliamka kumnyonyesha mdogo wake nikamkuta amelala sakafuni, juu ya simenti tupu, amejikunja kama kamba. Nikamwamsha kwa ukali: kwa nini umeshuka kitandani? Akasema, "Mama, nimelala hapa ili godoro lisilowe."

Nilikaa pale sakafuni hadi kulipokucha.

Asubuhi hiyo nilimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, na kabla ya chochote alitaka kujua ni lini hali ilianza, na nini kilitokea nyumbani wakati huo. Akapima mkojo kuangalia kama kuna maambukizi au sukari. Hakukuwa na kitu. Kisha akauliza swali ambalo lilinishangaza: mtoto anaenda choo kikubwa mara ngapi? Sikujua. Mtoto mwenyewe akajibu kwa sauti ndogo: baada ya siku nne, wakati mwingine tano. Muuguzi akanieleza kwamba kinyesi kikijaa na kukauka kinabana kibofu, na kibofu kilichobanwa hakiwezi kushika mkojo usiku kucha. Tena akasema jambo ambalo ningependa kila mzazi alisikie: mtoto anayekojoa usingizini hafanyi kusudi, hajui kama anakojoa, na fimbo haimfikii mtu aliyelala. Nayo hofu kubwa inaweza kumrudisha mtoto mkubwa kwenye hali aliyokwisha kuiacha.

Lakini kwa nini alikuwa anabana choo? Hilo muuguzi aliniachia mimi.

Sikumwuliza uso kwa uso. Tuliketi tukichambua maharage, macho yangu kwenye ungo, nikasema tu kwamba mimi pia nikiwa msichana, Januari 2002, niliona moto ukipita katikati ya mji huu mpaka ziwani, na kwamba miaka mingi baadaye nilikuwa bado nashtuka nikinusa moshi usiku. Sikuwahi kumwambia mtu. Wakati ule hakuna mkubwa aliyetuuliza watoto tuliogopa nini. Walikuwa wanatafuta chakula na mahali pa kulala, siwalaumu. Akanyamaza kitambo. Kisha yakatoka. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, mlango wake unatazama mlima, na yeye hakutaka kuutazama. Na lingine: usiku ule wa kwenda Gisenyi, kwenye msongamano, kitenge kilimponyoka mkononi. Mimi nadhani zilikuwa dakika chache tu. Kwake yeye zilikuwa bado zinaendelea.

Kwa hiyo tulianzia hapo, si kwenye godoro. Baba yake alianza kumsindikiza chooni kila siku baada ya chakula cha jioni, bila haraka, akimngojea nje wakipiga hadithi. Ndani ya chumba tukaweka ndoo yenye kifuniko na kitaa kidogo cha sola. Maji nikamrudishia: anywe vizuri mchana, jioni apunguze kidogo, asife kiu. Papai na parachichi vikaongezeka kwenye sahani, fufu ikapungua kidogo. Chini ya shuka nikatandika kipande cha bashe, lile turubai la kujengea vibanda. Na siku zilizolowa, godoro nikalianika nyuma ya nyumba, mahali ambapo mpita njia halioni.

Kuhusu mlima, mume wangu alitaka kumwambia kwamba hautalipuka tena. Nilikataa. Ulilipuka 1977, ukalipuka 2002, ukalipuka na hiyo 2021 bila mtu kutuonya. Mtoto akigundua tumemdanganya, hatatuamini katika lolote. Tulimwambia ukweli: hatujui siku, ila tunajua njia. Tukaitembea njia hiyo Jumapili moja, wote wanne, hadi mpakani. Tukakubaliana nani anambeba mdogo, nani anachukua mkoba, na kwamba yeye anashikwa mkono na baba, si nguo. Alituuliza mara tatu, "Mkono, siyo nguo?" Mara zote tatu baba akajibu, mkono.

Haikuisha kwa wiki. Kwanza tulipata usiku mmoja mkavu, kisha miwili, kisha akarudi nyuma wiki nzima kwa sababu ya tetemeko dogo. Nilikuwa nimejifunza kunyamaza na kubadilisha shuka. Kufikia Krismasi godoro halikutoka nje tena.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, tulilala siku kadhaa chini ya vitanda, umeme na maji vimekatika. Mdogo wake, ambaye sasa alikuwa na miaka mitano, akaanza kulowesha. Asubuhi moja ya Februari niliamka nikakuta kitanda chake hakina kitu. Kaka yake alikuwa amekwisha kuitoa ndoo na kuimwaga, amembadilisha nguo, na godoro alikuwa amelibeba mwenyewe, peke yake, mpaka nyuma ya nyumba.