Samaki aliyeinamia tochi

Stima zilipotea hapa Kisauni magharibi ya leo, nami nikaiegemeza simu, tochi ikiwaka, ubavuni mwa tangi la samaki wa dhahabu ambalo mpwa wangu aliniachia.

Punde nikamwona samaki mkubwa ameinama, mgongo ukielekea kwenye mwanga. Nilidhani anakufa.

Nilipoihamishia tochi juu ya tangi, akakaa sawa.

Samaki hutambua juu na chini kwa vijiwe vya chokaa vilivyomo ndani ya sikio (pengine umewahi kuvitafuna katika kichwa cha samaki aitwaye changu), ambavyo huvutwa na mvutano wa dunia, na pia kwa macho, ambayo huchukulia kwamba mwanga hutoka juu.

Mwaka 1973, Wamarekani walipopeleka samaki wadogo katika kituo cha anga cha Skylab, vijiwe hivyo vilielea bila kulemea upande wowote, na samaki wale wakawa wanaogelea kwa kupiga pindu. Baada ya majuma kama matatu walitulia, migongo ikielekea taa.

Kilichonikaa moyoni ni kule kuinama kwa huyu wangu: hakulala, hakusimama, bali alikaa katikati, kana kwamba sikio lilimwambia neno moja na jicho likamwambia jingine, naye akaamua kuyasuluhisha.

Wenye matangi nyumbani, jaribuni usiku huu kwa dakika chache tu, kisha mniambie: wenu wanainama kiasi gani?