Yudithi wa Artemisia, wiki ya sita: bado nipo kwenye gauni

Mchoro ninaonakili ni Yudithi akimchinja Holoferne, ule wa Artemisia Gentileschi, mchoraji mwanamke wa Italia wa karne ya 17, ulioko kwenye jumba la makumbusho la Uffizi, Florence. Yudithi ni yule mjane wa Kiyahudi aliyemkata kichwa Holoferne, jemadari wa adui waliouzingira mji wake. Kanvasi yangu ni ya sentimita 60 kwa 50, rangi za mafuta. Giza la nyuma lilishakauka, na mikono niliimaliza wiki iliyopita.

Mikono ile imenifundisha mengi. Katika Kitabu cha Yudithi, mjakazi wake anaambiwa asubiri nje ya chumba. Caravaggio, mchoraji mwingine wa Italia aliyechora kisa hiki kabla yake, alimwingiza ndani, lakini akamfanya kikongwe anayetazama tu. Artemisia amemchora kijana, kamlalia Holoferne kwa uzito wake wote, na ngumi ya yule jemadari inamsukuma kidevuni. Nilipoanza kuchora miraba ya kunakilia ndipo nikaona kwamba bila mjakazi, kazi ile isingewezekana.

Sasa gauni. Katika mchoro wake wa kwanza wa kisa hiki, ulioko jumba la makumbusho la Capodimonte, Naples, Yudithi amevaa buluu. Huu wa Florence, wa mwaka 1620 hivi, amemvika njano ya dhahabu na bangili mkononi. Kwangu mimi hilo ni vazi la ikulu. Artemisia alikuwa akifanya kazi chini ya Cosimo II de' Medici, Mtawala Mkuu wa Toscana, na mwaka 1616 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika Accademia delle Arti del Disegno, chama cha wasanii cha Florence. Kwenye upanga aliandika jina lake, akitumia Lomi, ukoo wa Kitoscana wa babu yake.

Cosimo akafariki Februari 1621. Mwaka 1635 Artemisia alimwandikia Galileo, yule wa darubini, akimkumbusha kuwa ni yeye Galileo aliyemsaidia kulipwa vizuri kwa mchoro wa Yudithi aliompa Cosimo. Kila nikiukumbuka mkono uliochora mikunjo hii, naumia kwamba ulihitaji mtu wa kuusemea.

Kosa langu la Jumanne: vivuli vya mikunjo nilivitia weusi, njano yote ikageuka kijani. Nilikwangua kwa kisu, nikarudia kwa kahawia yenye zambarau kidogo. Sasa kitambaa kinaanguka kama hariri nzito, isipokuwa chini ya kiwiko cha kushoto.

Damu inayoruka hadi kifuani sijaigusa. Nikibonyeza kidole pembeni mwa gauni kisiache alama, nitaanza tone la kwanza.