Kuandika makala ya Wikipedia kuhusu shirika la haki bila kulipigia debe

Kabla hujaanza, hakikisha unajua ni shirika gani unaloliandikia. KHRC (Kenya Human Rights Commission) na KNCHR (Kenya National Commission on Human Rights) huchanganywa kila uchao kwa sababu zote mbili huitwa tume ya haki za binadamu na zote zina ofisi Nairobi. KHRC ni shirika lisilo la kiserikali, lililoanzishwa mwaka 1992. KNCHR ni chombo cha umma kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na sasa kinasimama juu ya Kifungu cha 59 cha Katiba ya 2010. Ukiiweka ripoti ya KNCHR kwenye makala ya KHRC, umewavisha wanaharakati maneno ya tume ya umma, na kosa hilo litanakiliwa kwingine kabla ya yeyote kulirekebisha.

Kisha tafuta vyanzo huru, angalau vitatu. Hapa Nairobi tatizo ni kwamba habari nyingi za mashirika haya hutoka kwenye vikao na wanahabari. Gazeti humnukuu mkurugenzi akizungumzia mauaji ya polisi, lakini halisemi lolote kuhusu shirika lake. Habari ya aina hiyo inathibitisha kwamba alisema, basi. Tovuti ya shirika itumie kwa mambo mepesi tu: mwaka wa kuanzishwa, makao makuu, jina la mwenyekiti. Aya yake ya "Kuhusu sisi" usiinakili. Ni kuvunja hakimiliki na makala itafutwa.

Kazi kubwa iko kwenye sentensi. Chukua hii:

"KHRC iliilazimisha Uingereza kuomba radhi na kuwalipa mashujaa wa Mau Mau pauni milioni 19.9."

Inasisimua, na karibu kila kipande chake kina kasoro. Iandike hivi:

"KHRC iliwasaidia maveterani wa Mau Mau katika kesi iliyofunguliwa London mwaka 2009. Tarehe 6 Juni 2013, waziri wa mambo ya nje William Hague aliliambia bunge kwamba serikali ya Uingereza inakiri Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, na kwamba inasikitika. Alitangaza malipo kwa walalamishi 5,228. Jumla, pamoja na gharama za kesi, ilikuwa pauni milioni 19.9. Serikali hiyo iliendelea kukana kwamba inawajibika kisheria."

Ukatili haukufunikwa hata chembe. Kilichoondoka ni kauli ya mwandishi: nani alimlazimisha nani, nani ni shujaa. Wapo wanaowaita mashujaa, nami ni mmoja wao, lakini ndani ya makala neno hilo lazima liwe na mwenyewe aliyetajwa kwa jina.

Tuhuma nazo zifuatiliwe hadi mwisho. Aprili 2015, serikali ya Kenya iliyaorodhesha mashirika ya haki za binadamu MUHURI (Muslims for Human Rights) na Haki Africa, yote ya Mombasa, katika Gazeti Rasmi miongoni mwa makundi yanayoshukiwa kuhusiana na ugaidi, na akaunti zao zikafungwa. Ukiishia hapo, umewachafulia watu jina. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamuru akaunti zifunguliwe. Ukiandika hukumu pekee na kuficha tangazo la Gazeti, nako umepindisha. Yaweke mawili hayo katika aya moja, tena kwa mpangilio wa miaka. Kichwa tofauti cha "Ukosoaji" hugeuka jaa, kila mpita njia akitupa lake.

Chunga pia vitenzi. "Alifichua" humaanisha umeshaamini. "Alidai" humaanisha una shaka. "Alisema" hutosha karibu kila mara. Wafadhili wataje kwa mwaka na kwa hesabu zilizokaguliwa, bila kutia neno "kigeni" kana kwamba ni shutuma. Badala ya "hivi sasa", andika "kufikia Juni 2024".

Na kama shirika linakulipa mshahara, litangaze hilo kwenye ukurasa wako wa mtumiaji, kisha peleka mapendekezo kwenye ukurasa wa majadiliano na umwachie mhariri mwingine aamue.