Darasa la mboga za asili lianzie kwenye mbegu

Anayetaka kuanzisha darasa la watu wazima la mboga za asili asianzie jikoni. Wengi wanajua kupika mgagani na mnavu. Wanachokosa ni namna ya kuziotesha. Mwaka 1975 kampeni ya lishe ya Chakula ni Uhai iliwafundisha Watanzania kwa redio na vikundi vya kusoma. Ilikuwa kazi kubwa, lakini mbegu inataka kushikwa mkononi.

Mgagani ndio unaowakatisha watu tamaa. Mbegu iliyovunwa juzi haioti, au inaota chache mno, kwa sababu bado imelala. Ihifadhi mahali pakavu miezi 3 hadi 6. Mwanga nao huizuia kuota, kwa hiyo ukiimwaga juu ya udongo na kuiacha wazi utasubiri bure. Ifukie, ila isizidi sentimita 1. Ni ndogo sana, basi changanya sehemu 1 ya mbegu na 10 za mchanga mkavu ili isidondoke kwa mafungu. Mistari iachane sentimita 30; miche ikishika nguvu, ing'olee mpaka ibaki sentimita 15 kati ya shina na shina. Inayong'olewa inaliwa. Udongo ukikauka mgagani huwahi kuchanua na majani yanapungua: mwagilia, na ukate maua mara yanapojitokeza. Mashina machache yaache kwa ajili ya mbegu, uvune maganda yakiwa ya manjano. Ukichelewa yanapasuka yenyewe.

Mnavu una shida nyingine. Ponda matunda yaliyoiva kabisa ndani ya maji, yaache usiku mmoja, kisha suuza mpaka maji yawe meupe. Nyama ya tunda ikibaki, mbegu huota ukungu au hazioti kabisa. Zianike kivulini, bati lenye jua la mchana linaziua. Panda kitaluni, hamisha miche ikiwa na majani 5 au 6, na ikifika sentimita 15 kata ncha ili itoe matawi.

Uchumaji wa porini ufundishwe kwa mmea mzima, si kwa jani. Mnanaha, mmea wenye sumu kali, huota kwenye majalala na maboma ya ng'ombe yale yale yanayoota mnavu na mchicha pori, na mche wake mdogo unadanganya hata macho mazoefu. Ukikua unajitambulisha: ua refu jeupe lenye umbo la tarumbeta, tunda la miiba, jani linalonuka ukilifikicha. Ua la mnavu ni dogo, katikati ni njano, na matunda ni laini, yamefungana kishada. Mche usio na ua wala tunda, kama huujui vizuri, uache. Sumu ya mnanaha haiondoki kwa kuchemsha. Mtu akikaukwa mdomo, mboni zikapanuka na akaanza kuweweseka, mpeleke hospitali haraka pamoja na kipande cha mmea alioula. Matunda ya mnavu ambayo hayajaiva nayo yasiliwe.

Wenye magoti mabovu wainuliwe kitalu hadi usawa wa kiuno. Wengine wachuchumae, wasiinamie mgongo.

Mwisho wa msimu kila mmoja aondoke na mbegu zake, na pakiti iandikwe tarehe ya kuvunwa. Bila tarehe hakuna atakayejua kama mgagani bado umelala.