Mashine ya kupima ubongo haisomi mawazo, na alamu yake usiikimbilie

Swali ninaloulizwa kuliko yote nikiwa nabandika elektrodi, vile vikombe vidogo vya metali vya kupima umeme wa ubongo (kipimo kinaitwa EEG), kichwani kwa mtu ni hili, "sasa hii itaonyesha ninachowaza?" Wengine wanauliza kwa utani ila ukiwatazama usoni unaona kabisa utani haupo. Jibu ni hapana. Ulivyomkasirikia shemeji yako hakuna atakayejua. Kinachoonekana kwenye skrini ni umeme tu, tena kidogo mno, wa seli nyingi za ubongo zinazofanya kazi kwa pamoja, basi.

Kinachochekesha ni kwamba hata aliyeanzisha haya mambo alikuwa anatafuta kitu hicho hicho. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, akiwa kijana jeshini miaka ya 1890 aliponea chupuchupu kwenye ajali ya farasi, na siku hiyo hiyo dada yake aliyekuwa mbali akaingiwa na wasiwasi mpaka baba yao akatuma telegramu kuuliza kama mtoto yuko salama. Berger akaamini wazo limetoka kichwani kwake likamfikia dada. Akahangaika miaka na miaka kuitafuta hiyo nguvu, hakuipata, ila mwaka 1924 pale Jena akafanikiwa kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza, akakaa nayo kimya hadi 1929 ndo akachapisha. Wimbi aliloliita alfa, lile linalotokea mtu akifumba macho akatulia na kupotea akifumbua, ndo kitu cha kwanza ninachokitafuta mpaka leo nikiwasha mashine. Nikilikuta pale nyuma ya kichwa, linapiga kati ya mara 8 na 13 kwa sekunde, napumua.

Sasa huo umeme wenyewe ni mdogo kiasi gani? Moyo ukipimwa kifuani unatoa kama milivolti 1 hivi. Ubongo ukipimwa juu ya ngozi ya kichwa ni maikrovolti 10 hadi 100, yaani unapitwa na moyo mara kumi mpaka mara mia. Fuvu linazuia, ngozi iliyokufa inazuia, halafu kuzunguka kitanda kuna umeme wa ukutani unaovuma mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi, kuna pampu ya dripu, mashine ya kupumulia, simu ya ndugu inayochaji pembeni, na vyote hivyo vinataka kuingia kwenye waya zangu. Mgonjwa akitafuna, misuli ya taya inafunika kila kitu na skrini inakuwa nyeusi tii. Akipepesa macho, mistari ya mbele inazama yote kwa pamoja. Programu ina filta za kukata hizo kelele, ni kweli, ila filta haijui ipi ni kelele na ipi ni ugonjwa, inakata tu kilichoko kwenye masafa (yaani wimbi linapiga mara ngapi kwa sekunde) uliyoiambia ikate, kwa hiyo ukiibana sana skrini inapendeza na wewe umepoteza ulichokuwa unakitafuta.

Ndo maana mi nasema kazi kubwa ya hii mashine haiko kwenye kompyuta, iko kwenye ngozi. Napima kwa futi ya kitambaa kuanzia pale pua inapoanzia katikati ya macho mpaka kwenye kinundu cha kisogoni, kisha sikio hadi sikio, nagawa kwa asilimia 10 na 20 kama utaratibu wa kimataifa aliouchapisha Herbert Jasper mwaka 1958 unavyotaka, naweka alama kwa penseli, namba witiri kushoto, shufwa kulia. Napasua njia kwenye nywele, nasugua ngozi kwa kijiti cha pamba chenye jeli ya chembechembe, napachika kikombe kidogo cha metali kilichojaa pesti. Naangalia ukinzani, yaani umeme unazuiwa kiasi gani pale kikombe kinapogusana na ngozi. Ukiwa chini ya kiloomu 5 naendelea, ukizidi narudi kusugua. Mgonjwa wa ICU hajitambui, haongei, ila kuna wakati unasugua unaona paji la uso linakunjamana kidogo, basi unalegeza mkono na unaandika pia, maana hiyo nayo ni habari, kuna mtu humo ndani anasikia maumivu.

Na nywele, jamani. Ukimwekea mtu mwenye nywele za kipilipili nzito vikombe vya kawaida, nywele zinavisukuma juu, pesti inakauka, baada ya muda nusu ya mistari ni takataka. Kulikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, Arnelle Etienne, ambaye mwaka 2020 yeye na wenzake walitoa elektrodi za umbo la klipu zinazokaa katikati ya misuko ya mistari, ile twende kilioni, nywele inasukwa kufuata zile zile alama za 10 na 20 halafu msuko wenyewe ndo unaikandamiza elektrodi kwenye ngozi. Yaani kile kilichokuwa kinatukwamisha ndo kikageuzwa kuwa kishikizo. Nilipoisoma hiyo nilijiuliza ilichukuaje karibu miaka mia toka Berger mpaka mtu kufikiria hivyo, ila jibu nadhani tunalijua, inategemea nani yuko mezani wakati kifaa kinabuniwa.

Haya, tuje kwenye programu. Ukurasa mmoja wa EEG kwa kawaida ni sekunde 10. Mgonjwa akikaa kwenye mashine saa 24 hiyo ni kurasa 8,640, na daktari wa mishipa ya fahamu ni mmoja na wagonjwa ni wengi. Kwa hiyo programu inachukua yale mawimbi, inapiga hesabu kila masafa yana nguvu kiasi gani, inapaka rangi, muda unaenda kulia na masafa yanapanda juu, saa kadhaa zinakaa kwenye skrini moja. Kifafa kikitokea mara nyingi unaona rangi inapanda ghafla kama ulimi wa moto, na baada ya muda inashuka. Jicho likishazoea, dakika chache zinatosha kuona usiku mzima wa mgonjwa.

Na hapa ndo pana utamu wa hii teknolojia, maana kuna kifafa cha kimyakimya. Mtu amelala, hatikisiki, ndugu wanasema anapumzika, kumbe ubongo unawaka muda wote huo. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2004 wa wagonjwa 570 waliowekewa mashine kwa muda mrefu, 110 walikutwa na kifafa, na kati ya hao asilimia 92 hawakuwa na mtikisiko wowote katika muda wote wa kurekodiwa, bila mashine usingejua. Kwa hiyo nikimsikia mtu anasema EEG ni ya wanaoanguka tu nachoka kabisa.

Ila sasa alamu. Programu ya kugundua kifafa inatafuta mdundo unaojirudia, unaoanza, unakua, unabadilika kisha unakoma. Tatizo dunia imejaa vitu vinavyojirudia. Usiku mmoja alamu ikalia kwa mtoto mchanga, mistari ya kisogoni inapiga tik tik tik kwa mpangilio mzuri kabisa, ukiitazama hiyo peke yake ungeita dawa hapo hapo. Nikafungua video, maana EEG nzuri inarekodiwa pamoja na video ya mgonjwa kwa wakati mmoja, nikamwona nesi amempakata mtoto anampigapiga mgongoni acheue. Kila akipiga, mstari unaruka. Nesi akapumzika, "kifafa" kikapumzika. Mtu akisugua meno, au mtaalamu wa viungo akigonga kifua cha mgonjwa kutoa makohozi, ni hivyo hivyo. Na dawa za kuzuia kifafa kwa mgonjwa mahututi sio peremende, zinashusha presha, zinazidisha usingizi. Kwa hiyo mi mtu akininunulia programu ya bei kubwa isiyo na video, bora anipe ya kawaida yenye video.

Kingine kinachonipa shida ni zile mashine zinazokupa namba moja tu badala ya mistari. Ile BIS ya chumba cha upasuaji, kibandiko cha kwenye paji, inatoa namba kuanzia 0 hadi 100 ya kuonyesha usingizi wa dawa ni mzito kiasi gani, na kwenye nusu kaputi wanataka iwe kati ya 40 na 60. Ina faida, utafiti mkubwa wa 2004 kwa wagonjwa walio kwenye hatari ya kuzinduka katikati ya upasuaji ulionyesha ilisaidia kupunguza, ila mwaka 2008 utafiti mwingine uliilinganisha na kupima tu kiwango cha gesi ya usingizi kwenye pumzi ukakuta haijaizidi. Mpe mgonjwa ketamini, ambayo nayo ni dawa ya usingizi, namba inaweza kupanda wakati mwenyewe kalala fofofo. Na kuna majaribio walijitolea watu wazima walio macho kabisa wakapewa dawa ya kulegeza misuli tu bila usingizi wowote, na namba ikashuka mpaka usawa wa mtu aliyelala. Maana yake sehemu ya ile namba ni msuli wa paji, na hesabu yenyewe inavyopigwa kampuni haiweki yote wazi. Usiitupe, ila weka na mistari ghafi pembeni uione kwa macho yako, mashine nyingi zinaionyesha, shida ni watu hawaitazami.

Kuna na suala la mafaili ambalo linaniudhi kuliko yote haya, unarekodi usiku mzima kisha daktari wa hospitali nyingine hawezi kufungua kwa sababu programu yake ni ya kampuni tofauti. Tangu 1992 kuna muundo wa wazi unaitwa EDF, unafunguka karibu kila mahali, na bado kuna programu zinazoficha kitufe cha kuhifadhi hivyo ndani ya menyu tatu. Ukipewa CD ya kipimo chako omba na EDF.

Kama una ndugu anaenda kuwekewa, aoshe nywele asipake mafuta, dawa zake za kifafa asiache mpaka aambiwe na daktari, na nyie mnaokaa naye ulizeni kitufe cha tukio kiko wapi. Ukiona jambo lolote lisilo la kawaida, mdomo unacheza, macho yameganda upande mmoja, bonyeza hapo hapo na useme kwa sauti umeona nini, kamera nyingi zinarekodi na sauti.